Bao la kete, kifumbu na mkono uliogoma

Mtu anayetoka Newala au Tandahimba kuja Mtwara mjini kwa ajili ya mkono uliopooza huja amejiandaa. Nauli imechangwa na ndugu, karatasi za kliniki ya presha ziko kwenye bahasha ya kaki, na kijana wa kumsindikiza ameacha shughuli zake shambani. Wanategemea kukuta mashine. Mimi namkalisha mgonjwa mezani, namsogezea sinia lenye kunde na mchele nilivyovichanganya makusudi, namwomba avitenge. Hapo ndipo msindikizaji huniangalia kwa jicho la mtu aliyetapeliwa.

"Dokta, hii si kazi ya nyumbani hii?"

Mimi si daktari, ila swali lake ni la haki. Humjibu kwa swali: nyumbani huwa anaifanya? Kimya. Tangu kiharusi kimpate, nyumbani hafanyi lolote. Kunde anachambua mkwe, maji ya kuoga anapelekewa, hata vifungo vya shati anafungwa. Mkono umelemaa kwa ugonjwa, halafu ukalemaa mara ya pili kwa kukosa kazi, na huo ulemavu wa pili ndio ninaoweza kuushughulikia kwa sinia la kunde.

Fani yangu ni tiba kazi. Wengi wetu nchini tumesomea hospitali ya KCMC, Moshi, ncha nyingine kabisa ya nchi ukiwa umekaa huku Kusini. Mwenzangu wa fiziotherapia ataangalia goti linakunja kiasi gani na misuli ina nguvu kiasi gani. Mimi nitauliza kesho asubuhi utavaaje suruali, utachutamaje chooni, nani atakoka moto, na swala utaiswali umekaa wapi. Tunafanya kazi jirani na mara nyingi kwa mgonjwa yuleyule.

Wapo wanaodhani kutumia vitu vya nyumbani ni tiba ya maskini, kitu cha kushikilia wakati tukisubiri vifaa kutoka nje. Historia haisemi hivyo. Chama cha kwanza cha fani hii kilianzishwa mwaka 1917 katika mji wa Clifton Springs, jimbo la New York, na mmoja wa waanzilishi wake, George Barton, alikuwa msanifu majengo aliyepooza upande wa kushoto. Alijirudisha mwenyewe kwa bustani na useremala. Jembe na randa vilikuwepo kabla ya mipira ya rangi na vigingi vya plastiki tunavyoviona kwenye katalogi.

Nisemeje kuhusu hiyo mipira? Haina ubaya. Ila mgonjwa wangu wa miaka sitini hajawahi kuminya mpira wa sponji maishani mwake, na hana sababu ya kuanza leo. Akiuminya mara kumi ataniuliza imetosha? Mpe kifumbu chenye chicha ya nazi na umwambie tui zito la kwanza ndilo linalosubiriwa jikoni, hataniuliza lolote. Atakamua hadi aone tui limekuwa jepesi, kwa sababu anajua tui zito linakuwaje. Kipimo cha kazi anacho mwenyewe tangu utotoni.

Lakini kukamua nako kuna masharti yake, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema "mpe kazi yoyote tu." Mkono wa kiharusi mara nyingi baada ya wiki kadhaa huanza kujikunja wenyewe: kiwiko kinapanda, vidole vinajifunga ngumi. Mkono wa namna hiyo kufunga unajua, usichojua ni kufunguka. Ukiukamulisha kutwa nzima unauzoesha kile unachokiweza tayari. Mkono huo unahitaji kazi ya kiganja kilicho wazi, na bahati nzuri mikoa hii miwili, Mtwara na Lindi, imejaa kazi za kiganja wazi. Ufuta ukianikwa juu ya turubai lazima usambazwe. Kunde na mbaazi vilevile. Korosho zikitoka shambani zinaanikwa na kugeuzwa kabla hazijapelekwa ghalani kwa chama cha msingi. Mgonjwa anakaa kwenye kigoda kifupi au mkekani, anaweka kiganja chini, anasukuma mbali, anarudisha. Uzito wa mwili unapita begani, kiwikoni, hadi kiganjani, na vidole vinanyooka bila mtu kuvilazimisha. Mkono mzima unaruhusiwa kukaa juu ya ule mgonjwa na kuuongoza. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, sihitaji kumfundisha mtu zoezi hata moja. Namuuliza tu turubai lake liko upande gani wa nyumba na kama lina kivuli.

Kubangua korosho ni jambo jingine. Mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na mkono usiohisi vizuri utaungua mwenyewe asijue. Hapo nasema hapana hata akibembeleza. Mbuzi ya kukunia nayo naiogopa kwa mtu aliyepoteza hisia, maana meno yale hayana huruma. Kama hisia zipo, tunaigawa kazi: mkono mzima unakuna, mkono mgonjwa unashikilia ubao. Na kama kukaa chini kule kunamshinda, fundi seremala anaipandisha mbuzi kwenye benchi la kimo cha kiti. Nimeona familia ikifanya hivyo bila kuambiwa na mtu.

Wanaume ni kesi ya pekee. Mwambie mzee wa Kimakonde achambue mchele mbele ya wajukuu zake uone kama atarudi tena kliniki. Atakuambia kwa adabu kwamba amepata safari. Kwa mvuvi wa Msangamkuu kuna nyavu za kushona, kazi ya vidole kuliko zote ninazozijua. Kwa wengine wote kuna bao.

Bao la kete lina mashimo thelathini na mbili, safu nne za mashimo manane, na kete sitini na nne ambazo kwa asili ni komwe. Angalia mchezaji mzoefu anavyosambaza. Anazichota kete zote za shimo kwa mkupuo mmoja, anazificha kiganjani, kisha anaziachia moja moja, shimo kwa shimo. Kidole gumba kinaitoa kete katikati ya kiganja hadi kwenye ncha za vidole, huku kidole cha pete na cha mwisho vikiwa vimezibana zilizobaki zisimwagike. Huu ndio ufundi ambao mkono huchelewa sana kuurudisha baada ya kiharusi; ndio huohuo unaotumika kutoa sarafu kwa kondakta ukiwa umeshika nyingine, au kumwaga vidonge kiganjani na kuchukua kimoja. Vifaa vya kuufundisha vinauzwa kwa bei ya kutisha. Mzee ana ubao wake wa bao barazani, umechongwa tangu zamani.

Hatuanzi na komwe, zinateleza mno. Tunachimba mashimo makubwa mchangani na kuanza na ndimu, kiganja chote cha mkono mgonjwa kikishika. Ndimu zikizoeleka tunaingia kwenye korosho ambazo hazijabanguliwa, umbo lake lina kona na vidole vinapata pa kushikia. Halafu ndipo ubao wenyewe. Kikwazo kinachobaki si cha mwili: wachezaji wenzake hawana subira. Nimewaomba mara nyingi wazee wa baraza wamruhusu mwenzao achelewe, na wengi hukubali, isipokuwa hawaachi kumtania. Utani huo nauhesabu kuwa sehemu ya tiba, kwa sababu mtu hataniwi akiwa amelala ndani.

Suala la kula ni zito kuliko yote na halizungumzwi. Kiharusi kikimpiga mtu upande wa kulia, mkono wa kulia ndio unaogoma, na huku kwetu mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia. Mzee mmoja wa Mikindani aliacha kula na watu kabisa. Chakula cha mchana kililetwa barazani, wanaume wakanawa, yeye akaingia chumbani na mkewe akamlisha mlango ukiwa umefungwa. Shehe alikuwa ameshamwambia kwamba mwenye udhuru ameruhusiwa kutumia wa kushoto. Ruhusa haikumsaidia kitu. Alichotaka ni mkono wake.

Tulianza na kijiko. Mpini mwembamba wa kijiko cha kawaida haushikiki kwa vidole visivyofunga vizuri, hivyo tukauzungushia mpira wa ndani wa baiskeli, tabaka juu ya tabaka, hadi ukawa mnene wa kujaa kiganjani. Gunzi la hindi lililotobolewa katikati nalo linafaa, ingawa likilowa linaoza. Soli ya ndala iliyochakaa inafaa pia, ila kwa chombo cha chakula watu hawaipendi, na mimi sibishani nao kwenye hilo. Chini ya bakuli tuliweka kitambaa kilicholowa ili lisikimbie mezani. Kiwiko kikaegemea meza. Tulianza na wali, maana wali unakubali kuchotwa, wakati mchuzi utamwagika na kumvunja moyo mtu siku ya kwanza. Kisha mkono wa kushoto ukaruhusiwa kushika kifundo cha ule wa kulia kutoka chini na kuusaidia kupanda. Kinachofika mdomoni ni mkono wa kulia, na mzee akaridhika na hilo. Ugali wa muhogo ulikuja mwishoni kabisa, kwa sababu kumega tonge, kulifinyanga na kulibonyea kwa gumba ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kwa sisi tunaoifanya huku tunaongea.

Nikiulizwa ubunifu wa kazi hii uko wapi, watu hutegemea niwaonyeshe kijiko. Kijiko ni robo saa na wembe. Kazi inayotaka akili ni ile ya kuishawishi nyumba imwachie mgonjwa kazi yake.

Fikiria kwa macho ya mtaa. Mama ana kiharusi, amekaa ukumbini anamenya muhogo kwa taabu, kisu kinachelewa, na mkwe wake, msichana mzima mwenye nguvu, amesimama pembeni anaangalia. Jirani akipita atasema nini? Heshima yetu kwa mzazi ni kumpokea mzigo. "Mama, pumzika" ni neno la upendo, na ni hilohilo linalomalizia mkono. Sasa mimi, mgeni mwenye kitambulisho shingoni, nije nimwambie binti wa watu asimsaidie mama mkwe wake? Na huku Kusini, kwa Wamakonde, Wamwera na Wamakua, ukoo unafuata upande wa mama na mjomba ana sauti. Mara nyingi ninayepaswa kumshawishi hata hayupo chumbani, yuko Masasi, na asipokubaliana nami maneno yangu yanaishia mlangoni.

Nilichokuja kufanya ni kuziandika kazi kwenye kadi ya kliniki kama dozi. Kumenya muhogo, 1×2. Kusambaza kunde juani, 1×1. Kufunga vifungo vya blauzi mwenyewe, kila asubuhi. Kadi ina muhuri. Mkwe akiulizwa na jirani anaitoa: "Tumeandikiwa hospitali." Mjomba akipiga simu anasomewa. Aibu yote inahama kutoka kwa binti na kuja kwangu, ambako haina madhara. Wenzangu wa famasi hucheka wakiziona kadi hizo, lakini nimeona zikifuatwa kwa uaminifu kuliko vidonge vya presha, jambo ambalo kusema kweli halinifurahishi, maana vidonge vya presha ndivyo vinavyozuia kiharusi cha pili.

Kuna njia moja yenye utafiti mzito nyuma yake ambayo haidai kifaa chochote. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha kwamba mtu hujifunza kutoutumia mkono uliodhoofika kwa sababu kila akijaribu anashindwa, huku ule mzima ukifanikiwa. Dawa yake ni kuufunga ule mzima. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 222 wa kiharusi nchini humo: waliovalishwa glavu nene kwenye mkono mzima muda mwingi wa mchana kwa wiki mbili, wakafanyishwa mazoezi makali kwa ule mgonjwa, walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma za kawaida. Hapa glavu yetu ni soksi. Sifuati saa zao, kwani mtu aliyefungwa mkono mzima kutwa nzima katika nyumba yenye kisima, jiko la mkaa na ngazi ya mchanga ataanguka. Nafanya saa ile ya kazi ya kukaa tu, soksi inavaliwa, kunde zinachambuliwa, soksi inavuliwa kabla hajasimama. Tena ni kwa yule ambaye vidole na kifundo vimeshaanza kufunguka walau kidogo. Kumfunga mkono mzima mtu ambaye ule mwingine haujatikisika kabisa ni kumtesa.

Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, kitu bora nilichonacho ni kanga, na akina mama walikuwa nacho kabla sijazaliwa. Mtoto ambaye miguu yake hupishana na kukaza, akibebwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yanapanuka kuzunguka kiuno cha mama, na hilo ndilo pozi tunalolitafuta. Anaona dunia kwa kimo cha mtu mzima, anashiriki safari ya sokoni. Shida huanza akikua na mgongo wa mama ukachoka, akaachwa chali mkekani akitazama bati. Hapo anahitaji kukalishwa. Beseni la kufulia lililojazwa kanga zilizokunjwa pembeni litamshika mdogo. Kwa mkubwa zaidi kuna kiti cha makaratasi: maboksi yanagandishwa tabaka kwa tabaka kwa uji mzito wa unga, yanakaushwa juani hadi yanakuwa magumu kubeba mtoto. Ufundi huo ulikuzwa Zimbabwe na mwalimu aliyeitwa Bevill Packer, na umefika nchi nyingi. Kwetu una maadui wawili, unyevu wa pwani na mchwa wanaopenda ule uji kuliko sisi. Rangi ya mafuta inasaidia, na miguu ya kiti isiguse udongo.

Na mtoto wa namna hii asilishwe akiwa amelala chali, haraka ya asubuhi iwe vipi. Chakula kitaingia kifuani. Kichwa kimeinama mbele kidogo, mgongo wima, kijiko kinatoka mbele na si juu. Kama anakohoa au kupaliwa kila mlo, hiyo ni safari ya hospitali.

Yapo mambo ambayo siyabuni. Kiti mwendo cha kubahatisha, kiti cha plastiki kilichofungwa magurudumu, kitamtoboa mtu makalio ndani ya wiki chache kama hana hisia. Banzi la kuzuia kovu la moto lisikunje kiwiko naweza kulitengeneza kwa bomba la maji la plastiki, ambalo hulegea likifika nyuzi joto themanini hivi, lakini nalikunja mwenyewe, nalisaga kingo, naliwekea kitambaa, na ngozi inaangaliwa kila linapovuliwa. Siandiki hapa hatua zake, kwa sababu najua mtu atajaribu bomba likiwa bado la moto juu ya mkono wa mtoto. Kwa watu walioathirika na ukoma, ambao huku Kusini bado tunawaona, mikono haihisi joto. Wao nawafungia sufuria mishikio ya mbao na kuwataka waangalie viganja vyao kila jioni, kisha nawarudisha kwa wanaowatibu.

Jambo jingine ninalolikataa ni sifa. Nimekaa kwenye semina ambako kiongozi alisimama kutusifu wataalamu wa pembezoni kwa "kufanya mengi kwa kidogo", akapigiwa makofi, na bajeti ikabaki ileile. Kifumbu nakipenda kwa sababu ni kifaa bora kwa mama huyu, si kwa sababu hospitali haina kitu. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, kazi zangu hazikusimama, ni kweli. Nazi na kunde havikuhitaji lori. Viti mwendo vilihitaji. Hakuna ubunifu wa jikoni unaoziba pengo hilo, na anayesema upo hajawahi kumwinua mtu aliyekatika uti wa mgongo.

Kwa mnaouguza nyumbani na mngependa kuanza hata kabla ya kufika kwa mtaalamu: mgonjwa akishatulia, presha ikiwa imeshikwa na daktari ameruhusu akae, msisubiri mkono "urudi" ndipo mumpe kazi. Muulizeni kwanza ni kazi gani ya nyumbani inayomuuma kuiona ikifanywa na mwingine. Majibu hushangaza. Mama mmoja wa Lindi alisema si kupika, ni kufunga kanga yake mwenyewe kifuani, na tukaanzia hapo. Igaweni kazi hiyo vipande, mpeni kile cha mwisho akimalize yeye ili ionekane ni yeye aliyeifanya, siku zinazofuata ongezeni kipande kinachokitangulia. Akikaa, mkono uliopooza uwekeeni mto mapajani, usining'inie. Na wakati wa kumwinua msimvute kwa mkono huo wala msimnyanyue kwa kwapa. Bega lililolegea linachomoka kirahisi, na maumivu yake humfanya mtu aukatae mkono huo kwa miezi. Mzungushieni kanga kiunoni, ifungeni imara, mshikieni hapo, kisha mwacheni ainame mbele na kusimama kwa nguvu yake kadiri anavyoweza.